UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) hukuipata chooni jamani

Leo tena. Dada kaingia maabara na mkojo kwenye chupa ya juisi ya embe, hata lebo haijabanduliwa, ananiambia "kaka hii UTI nimeipata kwenye choo cha stendi, nina uhakika". Huyo ni wa nne wiki hii na leo ni Jumatano tu.

Haya. Bakteria anayeongoza kwa UTI ni E. coli, na kwake ni kwenye utumbo wako wewe mwenyewe, unatembea naye tangu uko mchanga. Anatoka njia ya haja kubwa, anasogea mbele, anaingia njia ya mkojo anapanda hadi kibofuni. Na safari yenyewe fupi, njia ya mkojo ya mwanamke ni kama sentimita 4 tu, ya mwanaume inafika hata 20, ndo maana kina dada wanaumwa zaidi, sio kwamba nyie mnaingia vyoo vibaya kuliko sisi. Sasa choo cha kuchuchumaa ambacho mwili wala haukigusi, bakteria atakurukia kama panzi? Hata cha kukaa, kinachogusa pale ni mapaja. Choo kichafu na mikono isiyonawiwa vitakupa kuhara, kipindupindu, homa ya matumbo, hapo sibishi.

Kinachoniuma ni kwamba hii hofu ya choo ndo inawaletea watu UTI yenyewe! Mtu anaogopa choo cha kazini, anabana mkojo toka saa 2 asubuhi mpaka saa 11 jioni, na ili asibanwe hanywi maji, kwa joto hili la Dar. Mkojo ukilala kibofuni bakteria wanazaliana kwa raha zao, wakati ukikojoa unawafagia nje. Kwahiyo kunywa maji mpaka mkojo uwe na rangi hafifu, ukibanwa nenda, hata hicho cha stendi, ukimaliza jisafishe kutoka mbele kwenda nyuma, na baada ya tendo amka ukakojoe, usingizi utaukuta tu.

Wengine wanajiosha ndani kwa sabuni, sijui maji ya kitunguu swaumu. Acheni. Huko ndani kuna bakteria walinzi, ukiwaua umemfungulia mlango E. coli.

Eti mke akipata UTI basi mume kachepuka? UTI sio ugonjwa wa zinaa. Ila mwanaume anayetoka usaha asijifiche kwenye jina la UTI, aje apimwe gono.

Na hii "UTI sugu" kila mtu anayo siku hizi. Nusu ya dozi ya antibayotiki duka la dawa, akipata nafuu kaacha, mwezi ujao anabadilisha dawa. Ikijirudia omba mkojo uoteshwe, yaani bakteria wakuzwe maabara, majibu siku 2 au 3, utajua ni bakteria gani na dawa ipi inamuua.

Yule dada nilimpa kopo safi, nikamwambia jisafishe kwanza, mkojo wa mwanzo uache uende, kinga wa katikati. Ile chupa ya embe ningeipima, kile kijiti cha kupimia mkojo kingeweza kusoma sukari, nikamrudisha nyumbani na kisukari cha juisi.