Je, wajua? Hekaya inasema Orion na Nge hawaonani angani, lakini Afrika Mashariki huonana

Katika hekaya za Kiyunani, Orion alikuwa jitu mwindaji aliyejigamba kwamba angeua kila mnyama duniani. Gaia, mungu wa kike wa ardhi, akakasirika na kumtuma nge amuume. Masimulizi mengine yanasema aliyemtuma ni Artemis. Zeus akawapandisha wote wawili mbinguni wawe makundi ya nyota, na tangu hapo, Nge akichomoza mashariki, Orion hukimbilia kuzama magharibi.

Kwa mtu aliyeko Ugiriki hekaya hiyo inakaribia ukweli. Kwa aliyeko Dar es Salaam haishiki.

Sababu ni latitudo. Nge yuko mbali kusini mwa anga. Athens, iliyo nyuzi 38 kaskazini, nyota kuu ya Nge, Antares, hukaa juu ya upeo wa macho kwa muda wa saa 9 hivi tu. Inapochomoza, zile nyota tatu za mkanda wa Orion zimekwisha kuzama. Dar es Salaam, karibu nyuzi 7 kusini, Antares hukaa juu kwa muda wa saa 12 na nusu, kwa hiyo huwahi kuchomoza. Matokeo yake ni kwamba Antares na Betelgeuse, bega jekundu la Orion, huwa angani pamoja kwa zaidi ya saa moja na nusu. Nairobi muda huo hupungua kwa dakika chache tu.

Katikati ya Machi, Dar es Salaam, Antares huchomoza yapata saa 5:10 usiku na Betelgeuse huzama karibu saa 6:50. Wakati mzuri ni kati ya saa tano na nusu na saa sita. Kila mwezi unaofuata, toa saa mbili: katikati ya Aprili ni karibu saa nne usiku, na katikati ya Mei saa mbili. Tatizo la miezi hiyo ni mawingu ya masika. Asiyeona tabu kuamka ajaribu katikati ya Januari, saa kumi alfajiri.

Unahitaji mahali palipo wazi pande zote mbili, na hapa ndipo wengi hukwama: ufukweni mashariki ni bahari tupu, lakini magharibi kuna majengo na minazi. Nyota zote hizi zitakuwa chini, ngumi moja au moja na nusu juu ya upeo ukinyoosha mkono, kwa hiyo ukungu na taa za mji huzimeza upesi. Epuka pia siku za karibu na mwezi mpevu.

Usitarajie kuwaona wakiwa kamili. Mwiba wa Nge, nyota Shaula, huchomoza karibu wakati uleule ambao Rigel, mguu wa Orion, inazama. Hapo angalau Wayunani hawakukosea sana!

Antares na Betelgeuse zote ni nyota kubwa mno zilizozeeka na kupoa, ndiyo maana ni nyekundu. Antares iko takriban miaka-nuru 550 kutoka kwetu (mwaka-nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), na kipenyo chake ni karibu mara 700 ya kile cha Jua. Ikiwekwa mahali pa Jua, ingeimeza Dunia na kuvuka njia ya Mirihi. Jina lake kwa Kiyunani ni mpinzani wa Ares, yaani Mirihi, na kweli watu huzichanganya, kwa kuwa sayari hiyo hupita karibu nayo. Antares hutambulika kwa nyota mbili hafifu zilizo kando yake, moja kila upande, na humeta sana ikiwa chini. Mirihi hutulia, na baada ya wiki mbili utaikuta imehama.