Mchezaji Ameajiriwa na Nani? Riwaya za Distopia Ndani ya Magemu

Vijana wa hapa Dodoma wanaotengeneza magemu huniletea rasimu za hadithi zao nizisome, kwa kuwa nafundisha fasihi na wanajua napenda kazi hiyo. Wengi wanataka kuandika kuhusu dunia iliyoharibika, na rasimu zao hufanana: majengo yaliyobomoka, moshi, askari waliovaa barakoa, skrini kubwa yenye uso wa mtawala. Kabla ya dakika ya tano mchezaji ameshaokota bunduki. Nikiuliza picha hiyo wameitoa wapi, natajiwa gemu fulani au filamu fulani. Sina ugomvi na kuiga, kila mwandishi huanzia hapo. Ila moshi na barakoa ni mapambo tu. Kitu kikubwa ambacho riwaya za distopia, yaani hadithi za jamii ya kubuni inayokandamiza watu wake, ziliwarithisha waandishi wa magemu ni ajira ya mhusika mkuu.

Watazame wahusika wenyewe. Katika We ya Mrusi Yevgeny Zamyatin, iliyochapishwa kwanza kwa Kiingereza mwaka 1924, D-503 ni mhandisi anayesimamia ujenzi wa chombo cha anga cha dola. Bernard Marx katika Brave New World ya Aldous Huxley (1932) ni mtaalamu wa saikolojia kwenye kituo kinachokuza watoto ndani ya chupa. Winston Smith katika 1984 ya George Orwell, iliyotoka mwaka 1949, ni karani wa Wizara ya Ukweli, na kutwa nzima anasahihisha magazeti ya zamani ili yakubaliane na anachosema mtawala leo. Guy Montag wa Ray Bradbury, kwenye Fahrenheit 451 (1953), ni mzimamoto anayelipwa kuchoma vitabu. Wote wanne ni watumishi. Mfumo unaowakandamiza ndio unaowalipa mshahara, na bila mikono yao hauendi. Kinachotisha ni kuona mtu mwenye akili zake, asiye mkatili, akiifanya kazi hiyo vizuri na kurudi nyumbani kula.

Gemu linapochukua ajira hiyo linaweza kufanya jambo ambalo kitabu hakiwezi. Orwell ananisimulia kwamba Winston alibadilisha habari. Gemu linanikalisha mimi kwenye kiti chake na kuniachia kazi.

Mfano bora ninaoujua ni Papers, Please, gemu ambalo Lucas Pope alilitoa mwaka 2013 na tangu 2022 linachezeka kwenye simu. Wewe ni mkaguzi wa mpakani katika nchi ya kubuni iitwayo Arstotzka, mwaka 1982. Kazi umeipata kwa bahati nasibu ya ajira. Unalipwa kwa kila mtu unayemhudumia bila kosa, na jioni unagawa pesa hizo: kodi ya nyumba, chakula, kupasha nyumba joto, dawa kama mtoto anaumwa. Makosa mawili ya kwanza ya siku ni onyo tu. Kuanzia la tatu unakatwa pesa.

Siku moja anafika mwanamume mwenye karatasi zilizokamilika. Unagonga muhuri wa kijani. Kabla hajaondoka anakuomba umhurumie mke wake, yuko nyuma yake kwenye foleni. Mke anasogea dirishani, pasipoti anayo, kibali cha kuingia hana. Anasema akirudishwa kwao watamuua. Mihuri yako ni miwili tu, kijani na nyekundu, na mashine ya onyo iko pembeni. Ukimpitisha, karatasi ya kosa inatoka papo hapo. Kama ni kosa lako la kwanza siku hiyo, huruma yako haikugharimu kitu. Kama ni la tatu, umemlipia kwa chakula cha watoto wako. Hakuna hotuba, hakuna muziki wa huzuni, na mtu mwingine ameshasogea dirishani.

Kuna ufundi hapo ambao nawasihi vijana wauchunguze kwa makini. Meza ya mkaguzi imefanywa ndogo kwa makusudi. Pasipoti, kibali, kitambulisho na kitabu cha sheria vinalaliana, unafunua hiki kikafunika kile, na saa inakimbia. Mkono unazoea: tarehe, jinsia, jina la mji, muhuri. Baada ya siku kadhaa za mchezo unagundua kwamba umeacha kutazama nyuso za watu, na hakuna aliyekuamuru uache. Orwell alihitaji kurasa nyingi kumwonyesha Winston akifurahia ustadi wake wa kughushi habari. Hapa mchezaji anaipata furaha hiyo mwenyewe, kisha inamsuta.

Wanafunzi wangu hawahitaji maelezo marefu kuhusu dirisha la ofisi. Dodoma ilitangazwa makao makuu mwaka 1973, na tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016 jiji limejaa watumishi. Nusu ya darasa wana mzazi, shangazi au kaka anayekaa upande wa ndani wa dirisha, na wote wamewahi kusimama upande wa nje wakiambiwa karatasi fulani haijagongwa muhuri. Ndiyo maana mjadala wa gemu hili huwa mkali. Watoto wa watumishi humtetea mkaguzi kwa hoja nzito kabisa: ana familia, sheria hakuitunga yeye, akifukuzwa atawekwa mwingine. Hoja hizo ndizo zinazoishi ndani ya riwaya nilizozitaja. Nikizisikia kutoka kwa kijana wa mwaka wa kwanza, najua somo la siku hiyo limeingia.

Half-Life 2, iliyotolewa na kampuni ya Valve mwaka 2004, inaanza kama mrithi kamili wa Orwell. Unashuka kwenye treni katika mji ulio chini ya utawala wa wavamizi, na msimamizi wao anahutubia kutoka kwenye skrini kubwa ya stesheni. Askari anaangusha kopo chini na kukuamuru uliokote ulitupe kwenye pipa. Huna silaha. Ukikaidi, unapigwa. Ukilitupia kichwa chake, unapigwa pia, ila wachezaji wengi nawaona wakicheka kwa ushindi. Kwangu dakika hizo chache zina uzito kuliko saa zote zinazofuata, maana baadaye unapewa silaha na hadithi inakuwa ya vita. Naliheshimu sana gemu hilo, lakini distopia haikai pamoja na bunduki. Winston anashindwa. D-503 anafanyiwa upasuaji wa kuondoa uwezo wa kujenga picha akilini, kisha anatazama mwanamke aliyempenda akiteswa na hahisi chochote. Kushindwa huko ndiko hadithi yenyewe, na magemu yamezoea kumpa mteja ushindi.

BioShock ya mwaka 2007 ilipata njia ya kulikwepa tatizo hilo. Mji wake wa chini ya bahari, Rapture, unajibizana na fikra za Ayn Rand, mwandishi wa Atlas Shrugged (1957) aliyetetea ubinafsi na soko huria. Kwa saa nyingi unatii maombi ya upole ya sauti ya redioni, kwa kuwa mchezaji hutii maelekezo. Kisha unaambiwa kwamba maneno yale ya upole yalikuwa amri iliyopandikizwa akilini mwa mhusika wako, hukuwahi kuchagua lolote. Utii wa mchezaji umegeuzwa kuwa mada ya hadithi.

Huxley amepata warithi wachache, na sababu naiona wazi. Yeye aliogopa raha: kidonge kiitwacho soma, burudani isiyokatika, watu wasiotaka kuondoka. We Happy Few ya mwaka 2018 ilijaribu, ikaweka vidonge vya furaha katikati ya hadithi. Lakini gemu linalokupa zawadi kila asubuhi ili urudi kesho litaikosoa raha hiyo kwa mdomo upi?

Narudi kwa vijana wangu. Huwa nawaambia wasome Shamba la Wanyama ya Orwell, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967, wamfuatilie yule farasi anayejituma kuliko wote mpaka siku anapouzwa akachinjwe. Wasome pia Walenisi ya Katama Mkangi (1995), na Nagona ya Kezilahabi (1990), ambamo msafiri anakutana na wazee wenye majibu ya mafumbo. Riwaya hiyo inawapa mtindo wa kutembeza mchezaji bila kumwekea mshale wa kumwonyesha njia.

Kikundi kimoja kilikuja na vita juu ya vilima vya Dodoma baada ya dunia kuungua. Niliwauliza swali moja tu: mchezaji ameajiriwa na nani? Walirudi na msoma mita za maji. Hapa kwetu ni nchi kame, na katika mji wao wa kubuni maji ni ya mgao. Kila mwezi anapita nyumba kwa nyumba na daftari. Nyumba ya bibi anayeishi peke yake imetumia yuniti 3. Mwezi unaofuata, yuniti 9. Mchezaji anajua kuna mtu amejificha humo, na anajua ofisi inamtafuta nani. Daftari liko mkononi, na kuna nafasi ya kuandika tarakimu moja.

Tumebishana zaidi kuhusu bosi wake. Rasimu ya kwanza alikuwa anafoka kwenye simu. Niliwakumbusha jinsi O'Brien, afisa wa chama tawala katika 1984, anavyozungumza na Winston huku akimtesa, kwa subira ya mwalimu, na jinsi mtawala wa Huxley alivyo mkarimu kwa wageni wake. Sasa bosi anaanza kila simu kwa "mwanangu", anauliza hali ya mama, anampa pole kwa jua la mchana, ndipo anaomba zile namba. Kila aliyeijaribu rasimu hii ya pili amemtajia tarakimu haraka kuliko alivyomtajia yule mfokaji, kwa hiyo tunaendelea nayo.