Je, wajua kwa nini nakala tatu za data zaweza kupotea kwa mpigo mmoja?

Tuseme wakala wa forodha pale Moi Avenue, Mombasa, ana nakala tatu za faili zake: moja kwenye kompyuta, mbili kwenye diski za nje. Zote zimechomekwa kwenye ekstensheni moja chini ya meza. Stima ikirudi kwa nguvu kupita kiasi baada ya kukatika, zaweza kuungua pamoja.

Wajenzi wa mifumo mikubwa huanza na swali hilo: nakala hizi zote zinategemea nini? Kwenye kituo cha data, seva nyingi hukaa kabati moja la chuma na mara nyingi hutegemea swichi moja ya mtandao. Swichi ikifa, kabati zima halipatikani, hata kama diski zote ni nzima.

Ndiyo maana Hadoop, programu ya kuhifadhi data kwenye mashine nyingi, kwa kawaida huweka nakala ya kwanza kwenye mashine inayoandika, ya pili kabati jingine, na ya tatu kabati hilohilo la pili, ila mashine tofauti. Mbona isiwe makabati matatu? Kwa sababu kila safari kati ya makabati hubana mtandao, na kabati zima hufa mara chache kuliko mashine moja. Ubahili, lakini wa akili. Ila Hadoop haina macho: usipoieleza mashine ipi iko kabati gani, huzichukulia zote kuwa za kabati moja.

Majengo nayo huungua. Machi 10, 2021, moto uliteketeza SBG2, jengo la OVHcloud, kampuni ya vituo vya data, huko Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja wakakuta bekapu zao zilikuwa humo humo.

Basi, nakala ya pili iende Nairobi? Mwanga kwenye fiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na Nairobi ni kama kilomita 480 kwa barabara. Kwenda na kurudi ni karibu milisekunde 5, bado vifaa vya njiani. Hifadhidata inayosubiri jibu kila inapoandika itazihisi, kwa hiyo wengi huiacha nakala ya mbali ifuate nyuma kidogo, wakijua kwamba balaa likitokea, maandishi ya mwisho yatapotea.

Nakala ikiwekwa ng'ambo, njia ya kuifikia ichunguzwe vilevile. Mei 12, 2024, EASSy na Seacom, nyaya za baharini zinazofika Mombasa, zilikatika pamoja huko kusini, intaneti ikazorota Afrika Mashariki. TEAMS, inayotoka Mombasa kwenda Fujairah, haipiti upande huo.