Ushirika uliolala haujafa

Wengi hudhani chama cha ushirika kikiacha kufanya biashara, ofisi ikafungwa na wanachama wakatawanyika, basi kimekwisha na madeni yake yamekwenda nacho. Sivyo. Kisheria ushirika ni mtu, tofauti na wanachama wake. Mpaka ufutwe kwenye daftari la msajili, bado unamiliki kiwanja chake, bado unadaiwa, na unaweza kushtakiwa.

Ndiyo maana katika baadhi ya nchi mahakama huombwa kuuvunja ushirika ambao kwa miaka haujaitisha mkutano mkuu wala kuwasilisha hesabu. Amri hiyo nayo hueleweka vibaya: watu huiona kama ruhusa ya kugawana mali. Kwa kawaida ndiyo kwanza kazi inaanza. Mfilisi huteuliwa, hukusanya vitabu (vikipatikana!), huuza mali na kuwalipa wadai. Hisa za wanachama hurudishwa baadaye, kama kimebaki kitu. Na ziada, kwa sheria za nchi kadhaa, huenda kwa ushirika mwingine. Mwanachama aliyekwisha kuchukua trekta la chama nyumbani atatakiwa alirudishe.