Kuandika wasifu wa mzee aliyepigana Kagera

Kazi yangu ni utafiti wa historia ya jeshi, na kwa sababu hiyo mzee aliyepigana Vita vya Kagera anapofariki, ndugu zake wakati mwingine hunitafuta niwasaidie kuandaa wasifu utakaosomwa wakati wa kuaga mwili. Karatasi wanazonikabidhi hufanana: tarehe ya kuandikishwa, kozi alizohudhuria, vyeo, nishani, na mwishoni kabisa sentensi moja inayosema kwamba marehemu ameacha mjane, watoto na wajukuu. Mimi huanza na sentensi hiyo ya mwisho. Wengine hudhani ninafanya hivyo ili kuwaliza waombolezaji, lakini sababu yangu ni ya kitaaluma: mambo mengi ya vita ambayo hayamo kwenye faili huwa yamehifadhiwa na watu wa nyumbani kwake.

Nitoe mfano wa sajenti mstaafu mmoja wa Mkoa wa Mara. Watoto wake walikuwa wameandika kwamba baba yao aliingia Kampala Aprili 1979 na kurejea nyumbani mwaka huohuo, simulizi ambayo karibu kila familia ya mpiganaji huwa nayo, kwa kuwa kutekwa kwa Kampala ndiko kunakokumbukwa na wengi. Nilipoketi na mjane wake nikamwuliza, "Mama, mzee alikuwa akisimulia mahali gani?", hakutaja Kampala hata mara moja. Alitaja baridi ya Fort Portal, mji wa magharibi mwa Uganda, na mashamba ya chai ambayo mumewe alisema hayana mwisho.

Kwa anayejua mwenendo wa vita vile, jibu hilo lina uzito. Majeshi ya Idi Amin yalivamia eneo la Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa tarehe 2 Novemba kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga adui tunayo. Majeshi yetu yalipovuka mpaka mwanzoni mwa 1979, hayakupita njia moja. Kundi moja lilielekea Masaka, likapigana Lukaya mwezi Machi dhidi ya wanajeshi wa Amin na wa Libya, kisha likaingia Entebbe na Kampala. Brigedi ya 206 chini ya Silas Mayunga ilishika njia ya Mbarara na baadaye ikaendelea upande wa magharibi. Mzee aliyeizungumzia Fort Portal maisha yake yote na kuinyamazia Kampala, kuna kila dalili kwamba alikuwa katika msafara huo wa magharibi, na barua ya zamani kutoka kwa mpiganaji mwenzake, iliyokuwa ndani ya sanduku la bati, ilithibitisha hivyo.

Jambo la pili lilikuwa umri wa watoto. Mmoja alizaliwa 1977, anayemfuata 1982. Wanawe walidhani mwanya huo ni bahati tu, ila mama yao alinieleza kwamba mumewe alipokuja kukaa moja kwa moja, yule wa 1977 alimwita mjomba kwa wiki kadhaa, na mzee akawa anaitika bila kumkaripia. Vita vilikwisha Juni 1979, lakini sehemu ya wanajeshi wetu walibaki Uganda kulinda usalama hadi 1981. Ile miaka ya ziada haisimuliwi sana, kwa kuwa haina mapigano makubwa wala shangwe za ushindi, na ndiyo iliyomgharimu baba huyu zaidi ya Mbarara.

Kwa waliokuwa mgambo, ushahidi wa nyumbani ndio karibu pekee uliopo. Jeshi lilipanuliwa haraka kwa kuwachukua mgambo, polisi, magereza na vijana wa JKT. Brigedi ya 201, iliyotikiswa vibaya Lukaya, ilikuwa na mgambo kwa sehemu kubwa. Wengi wao walirudi kwenye majembe yao bila cheo cha kuandikwa popote. Ndugu wa marehemu wa namna hiyo nawasihi wamhoji mjane kwanza, tena faraghani, maana mbele ya kamati ya mazishi wanaume huwa wanajibu kwa niaba yake.

Kuhusu malezi, sipendi maneno kama "alikuwa mpenda familia", kwani hayana tofauti na ya marehemu mwingine yeyote. Sajenti huyu kila Jumapili jioni alitandika blanketi mezani, akatia mkaa kwenye pasi, akanyoosha sare za shule za watoto wote, wa kike na wa kiume, mikunjo ikiwa imesimama kama ya gwaride, na hakumruhusu mtu mwingine kuigusa pasi hiyo. Nyuma ya daftari lake la mahesabu aliandika tarehe na saa ya kuzaliwa kwa kila mtoto. Kwa yule wa 1977 aliongeza, kwa wino tofauti, mwezi ambao mtoto alianza kumwita baba.

Mshereheshaji alitupa dakika tano. Nilifuta kozi zote isipokuwa moja, nikasahihisha Kampala kuwa Mbarara na Fort Portal, nikaandika 1981 mahali palipokuwa na 1979, na habari ya pasi nikaiacha nzima. Mwanawe mkubwa alilalamika kidogo kuhusu Kampala, kisha akaisoma vilevile kama ilivyoandikwa.