Vina vya macho: maneno ya Kiingereza yanayofanana mwisho kwa herufi tu

Muulize mtunzi wa mashairi ya Kiswahili kina ni nini, atakuambia ni ile silabi inayorudi mwishoni mwa kipande. Nyota, pata, leta: zote "ta", ubeti umekaa. Hahitaji hata kutega sikio. Akiiona "ta" kwenye karatasi ameshaisikia, maana tahajia yetu huandika kinachotamkwa.

Mazoea hayo ukienda nayo kwenye Kiingereza yatakuponza. Tazama "though", "tough", "cough", "through" na "bough". Yote yanaishia kwa herufi nne zilezile, o-u-g-h. Lakini la kwanza husomwa "dho", la pili "taf", la tatu "kof", la nne "thruu", na la tano, lenye maana ya tawi la mti, "bau". Mwisho mmoja wa maandishi, miisho mitano ya sauti. Maneno ya namna hii, yanayomdanganya msomaji kwamba yana kina kumbe yakisomwa kwa sauti hayapatani, ndiyo huitwa vina vya macho.

Mkorofi hapo ni "gh". Zamani herufi hizo zilikuwa na kazi: ziliandika sauti ya kooni iliyokaribiana na "kh" ya kheri, hasa ikitamkwa na mtu wa pwani aliyesoma chuo cha Kurani. Waskoti wangali nayo katika "loch", yaani ziwa. Wajerumani nao humwita binti "Tochter", na sauti yenyewe unaisikia katikati. Kiingereza cha kale kilisema "dohtor", leo ni "daughter", na sauti ya kooni imekwenda zake. Katika maneno mengine ilimezwa kabisa, katika mengine ikageuka "f". Ndiyo maana "daughter" ni "dota" ilhali "laughter", kicheko, ni "lafta", ingawa ukiondoa herufi ya kwanza yanabaki sawasawa.

Kwa nini basi hawakubadili maandishi? William Caxton, mchapaji wa kwanza wa Uingereza, alifungua kiwanda chake cha uchapaji Westminster, London, mwaka 1476, na katika vizazi vilivyofuata tahajia ikaanza kutulia. Ulimi haukutulia. Irabu nazo zilikuwa zinahama, moja ikichukua nafasi ya nyingine. Wachapaji wakaendelea na sura ya neno kama walivyoikuta. Baadaye Wamarekani walisahihisha kidogo, wakaandika "plow" badala ya "plough", jembe la kukokotwa, lakini "tough" na "cough" wakaziacha zilivyo.

Si kila "ough" ina asili hiyo, lakini. "Hiccough", kwikwi, hutamkwa "hikap", na tahajia ya "hiccup" ndiyo ya mwanzo. Watu walidhani kwikwi ni aina ya kikohozi, wakalibandika "cough" mkiani. Kosa tupu, na likaingia kwenye kamusi! Kisha kuna "Slough", mji ulio magharibi mwa London, unaoitwa "slau". Herufi hizohizo zikiwa kitenzi cha nyoka kujivua gamba, husomwa "slaf".

Kwa upande wa pili, "blue", "shoe", "you" na "through" hazifanani mwisho hata kidogo kwa macho, na zote ni vina halali. Kiingereza huhesabu kina kuanzia irabu yenye mkazo hadi mwisho wa neno. Kwa kipimo hicho nyota na pata za mtunzi wetu zingekataliwa, kwa kuwa mkazo wa moja umeangukia "o" na wa nyingine "a".

Ukikuta shairi la kale la Kiingereza limeoanisha "love" na "prove", usiharakishe kumlaumu mtunzi. Leo ni "lav" na "pruuv", vina vya macho. Enzi za Shakespeare huenda yalipatana masikioni pia.