Shule ya Fernald: walipelekwa kusoma, wakazeekea humo

Jina la kwanza la shule hii ukilitamka leo mbele ya mzazi, utakunjwa shati. Dk. Samuel Gridley Howe aliifungua Boston, Marekani, mwaka 1848, ikaitwa shule ya vijana punguani. Lilikuwa neno la kidaktari tu, kama sisi tulivyoandika "taahira" kwenye mafaili kabla hatujazoea kusema mtu mwenye ulemavu wa akili.

Howe alitaka mtoto aje, afundishwe kula mwenyewe, kuvaa na kushika kazi, kisha arudi kwao. Mwaka 1866 alionya hadharani kwamba kuwalundika watu wa aina moja mahali pamoja, mbali na jamii, ni kosa. Alifariki 1876, na onyo lake likabaki kwenye makaratasi.

Shule ikahamia Waltham, mji jirani na Boston, kwenye eneo kubwa, chini ya Dk. Walter Fernald. Zama zile wasomi wengi waliamini kuwa upungufu wa akili hurithiwa na ndio chimbuko la uhalifu, hivyo wenye nao watengwe wasizae. Fernald naye alihubiri hayo, ingawa alilegeza msimamo kabla ya kufa mwaka 1924. Vipimo vya akili vilipoingia, yatima, mtoro na mtoto aliyechelewa kujua kusoma wote walibandikwa jina moja. Baadhi hawakuwa na ulemavu wowote. Kuingia kulikuwa rahisi. Kutoka ndiyo kazi.

Kisha kuna habari ya uji. Kati ya 1946 na 1953 watafiti wa chuo cha MIT, kwa msaada wa Quaker Oats (ndiyo, hao hao wa makopo ya dukani), waliwapa wavulana wa Fernald uji na maziwa yaliyotiwa chuma na kalsiamu zenye mionzi, wapime jinsi mwili unavyofyonza madini hayo. Wavulana waliambiwa wamejiunga na Klabu ya Sayansi. Walipelekwa hata kutazama besiboli. Barua kwa wazazi zilitaja lishe na maziwa ya ziada. Neno mionzi halikuwemo. Siri ilifichuka Desemba 1993, na mwaka 1998 waliofanyiwa majaribio hayo wakalipwa fidia ya dola milioni 1.85. Wachunguzi walisema kiwango kilikuwa kidogo, hakikuleta madhara makubwa. Kwangu hilo si jibu: mbona hawakuchaguliwa watoto wa maprofesa?

Tangu miaka ya 1970 wazazi waliibana serikali mahakamani, na polepole wakazi wakahamishiwa nyumba ndogo mitaani. Wa mwisho aliondoka Novemba 2014.

Si mbali na hapo kuna makaburi ya MetFern, walikozikwa wakazi wa Fernald na wagonjwa wa hospitali ya akili ya jirani, yaliyotumika 1947 hadi 1979. Yapo karibu 300. Kila kaburi lina kijiwe cha saruji chenye herufi C kwa Mkatoliki au P kwa Mprotestanti, na namba. Majina hayakuandikwa. Wanafunzi wa sekondari moja ya Waltham wamekuwa wakipekua kumbukumbu za zamani, namba moja baada ya nyingine, kutafuta nani kalala wapi.